Piano ya Mama Felista na neno nililoongeza

Kibiti, Jumatano jioni. Mvua imeanza tangu adhuhuri na haina dalili ya kuacha.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba kabla hujaendelea: haya yaishie kwako. Usimtumie mtu, usipige picha ya skrini, usiyacheke kwa sauti mahali penye watu wa Kibiti. Majina nimeyabadilisha, lakini mji wetu ni mdogo, na piano ninayoijua mimi hapa ni moja tu.

Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Jumapili hupiga kinanda cha umeme kanisani. Bosi wangu anasali hapo hapo, na ndiyo maana mwanzoni mwa mwezi alinisimamisha koridoni akaniambia, "Kijana, Jumamosi njoo kwa mama. Nataka unipimie ile piano, kama ni kitu au ni kabati tu."

Nikajibu, "Sawa, mkuu." Mimi hujibu hivyo hata kabla sijaelewa.

Mama yake, ninayemwita hapa Mama Felista, ni muuguzi mstaafu kutoka Songea. Piano aliinunua zamani kwa wamisionari waliokuwa wanafunga nyumba yao. Alipopangiwa kazi Mohoro akaja nayo, na alipostaafu akahamia nayo hapa. Bosi na ndugu zake wanataka mama akaishi kwa dada yao Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Mama anakataa. Anasema piano haipandi ngazi, naye haiachi.

Hilo Bosi hakuniambia. Nililisikia kwa mama mwenyewe, nikiwa nimeshakaa mbele ya piano.

Nilianza kushoto kabisa, nikaenda kibao kwa kibao kuelekea kulia, kama ninavyokagua majalada. Sauti za chini zilinishtua. Zilitoka nzito, zikapita kwenye mbao na sakafu hadi kwenye nyayo zangu, na nilipokanyaga pedali zilikawia kuondoka. Kinanda changu cha umeme hakijawahi kunifika miguuni.

Kuanzia katikati mambo yakaharibika. Kibao kimoja kizito, cha pembeni yake chepesi kama kimekatika. Vingine vikishuka havipandi mpaka uvinyanyue kwa ukucha. Na huko juu kabisa, kila sauti ilikuwa na nyingine pembeni yake inayobishana nayo.

Mama alisimama nyuma yangu akicheka. "Huyo mvivu, mwinue. Na huyo mgonge kwa nguvu, hasikii. Unyevu wa Mohoro umemziba masikio."

Bi Tatu, jirani yake, alikuwa mlangoni anasuka mkeka kama kila alasiri. "Muachie mwenyewe apige, Felista," akasema. "Kwa huyu kinakohoa."

"Kinapimwa, Bi Tatu, hakipigwi."

"Haya. Mbona mimi nikipimwa kliniki sikohoi hivyo?"

Kisha Mama akaniuliza, "Niambie, mwanangu. Usinifiche kwa sababu ya bosi wako."

Niliogopa kukosea, na mtu wa aina yangu akiogopa kukosea husema kila kitu. Nikamwambia nyuzi zina kutu, nyundo zake ndogo zimeliwa na wadudu, vibao vimevimba kwa unyevu, sauti za juu hazipatani. Yote yalikuwa kweli. Nilikuwa nimefungua kifuniko nikamulika ndani kwa tochi ya simu.

Halafu nikaongeza, "Na haitengenezeki tena, Mama."

Hilo sikulijua.

Sijawahi kumwona fundi wa piano. Sijui kutu ifike wapi ndipo uzi uwe haufai, wala kama mbao iliyovimba hukaushwa ikarudi. Nilichokiona ni Bosi ameingia, amesimama karibu na jokofu ananitazama, nikahisi maelezo yangu yanahitaji hitimisho. Basi nikayawekea. Zile sauti za chini sikuzitaja hata kidogo.

"Tangu lini imekuwa hivi?" Mama aliuliza.

"Miaka mingi, nadhani."

"Nami nilikuwa nafungua madirisha nikipiga, majirani wasikie."

Akafunika vibao kwa kitambaa chake cha kufuma, taratibu, akaenda jikoni kututengenezea chai. Nje Bosi alinishika bega. "Umenisaidia sana, kijana," akasema. Chai ile sikuimaliza.

Tangu siku hiyo Mama hajapiga. Najua kwa sababu nikitoka kazini napita hapo, na zamani ilikuwa lazima usikie nyimbo zake mbili tatu kabla hujaifikia barabara. Jana Bi Tatu aliniona napunguza mwendo.

"Karani, njoo. Mwenzangu anafunga vyombo kwenye maboksi. Mwisho wa mwezi anapelekwa Dar. Ukimwuliza lolote anajibu ndiyo. Felista na ndiyo wapi na wapi?" Akavuta ukindu wake, akanitazama. "Ulikuja kupima, mwanangu, ukamaliza kabisa."

Nikampa shikamoo kwa mara ya pili, nikaondoka.

Leo kutwa nimekaa masjala nikitafuta namna ya kulirudisha neno moja. Nikienda kwa Mama nikasema nilikosea, ataniuliza: basi inatengenezeka? Na bado sijui. Nikimjibu ndiyo, nitakuwa nimebahatisha tena.

Anahitaji mtu anayejua. Hata kama jibu lake litakuwa kama langu, angalau Mama atahama akiwa amejibiwa na fundi, si na woga wangu.

Na kama inatengenezeka, Mama hatahama, na Bosi atauliza nani alimleta fundi. Nimejiuliza kama niko tayari kwa swali hilo.

Siko tayari. Nitamleta hivyo hivyo.

Kwa hiyo, kama wewe ni fundi wa piano, au unamfahamu mmoja, andika kwenye maoni hapa chini: "Nina swali kuhusu unyevu." Usiongeze neno. Nitakujibu faragha nikishatoka kazini. Usiulizie masjala, na usije Jumamosi, maana Bosi huwa kwa mama yake. Njoo siku ya kazi asubuhi, kabla mwezi haujaisha. Ukishuka stendi ya Kibiti, nitafute upande wa wauza machungwa. Nitakuwa nimevaa shati jeupe la mikono mirefu, na nitakuwa nimeomba ruhusa ya kwenda hospitali. Nitakufikisha hadi nyumbani kwake. Ukiingia, Mama atakuuliza ni nani aliyekutuma. Nitakuwa nimekupa jina langu la kweli njiani. Litaje.