Sweta Moja Tu

Dada yangu wa pekee,

Huku hatujambo, cherehani yangu imepona na kitindamimba ameota jino.

Mahakama imeniruhusu kuja kukuuguza huko kwenye baridi, na ile pasipoti niliyoisalimisha nimerudishiwa. Hakimu alimuuliza mama mkwe, mdhamini wangu aliyeweka hati ya nyumba yake, kama haogopi nitatoroka. Akajibu, "Begi nimempangia mwenyewe, mheshimiwa. Nimemtilia sweta moja tu." Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Uliniandikia nikishafika nisirudi, maana kesi yenyewe ni ya kusingiziwa. Kweli nimesingiziwa. Nitakupikia, nitakuogesha, nitakaa mpaka siku ya mwisho niliyopewa. Ila ile kazi uliyonitafutia, waambie wampe mwingine. Na tafadhali, dada, hata baridi iwe kali vipi, usininunulie sweta.

Mdogo wako,
Fundi