Bushi Ulizojiwekea

Kisumu, Agosti 1974

Baba Wanjiru,

Leo nimefunga gereji mapema. Nimenawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, nikaketi kwenye kiti chako cha mbao. Mvua inanyesha upande wa ziwa. Nimeona nikuandikie, maana kuna mambo yaliyotokea wewe ukiwa umelala ndani ya sanduku, na nadhani hakuna aliyekusimulia. Watu walikulilia, wakakuombea, wakakuimbia. Hakuna aliyekuambia ulifikaje nyumbani.

Kwanza, asante. Nianzie hapo, nisije nikalia kabla sijaisema.

Unakumbuka nilivyokujia mara ya kwanza? Macho ya mume wangu yalikuwa yameanza kuingia giza, akaniachia usukani wa pikapu yetu, nami nikawa nabeba mchele kutoka Ahero kwenda soko la Sondu. Gari ikaanza kugonga chini, ko, ko, ko, na kila nikikanyaga breki inavuta kushoto kama punda aliyekumbuka kwao. Siku moja nilibakiza kidogo tu nimkanyage mama mmoja aliyebeba kikapu cha samaki wa omena kando ya barabara. Nilishuka kumwomba radhi, na yeye ndiye aliyeniambia pole. Mafundi wawili walikuwa wamenibadilishia magurudumu na breki, na wapi. Mmoja akasema gari haina ugonjwa, ugonjwa ni dereva kuwa mwanamke.

Wewe hukuuliza dereva ni nani. Ulilala chini ya gari na mtaimbo, ukaupenyeza kati ya springi na chasisi, ukasukuma.

"Mama Akinyi, inama uone."

Nikainama. Springi ilikuwa inacheza kama jino bovu. Ndipo ukanionyesha bushi, kile kimpira kinachokaa ndani ya tundu la springi ili chuma kisigongane na chuma. Zangu zilikuwa zimekauka na kupasuka kama visigino wakati wa kiangazi. "Hii kitu ni ndogo," ulisema, "lakini ikiisha, gari yote inakosa adabu."

Nilidhani utaniambia nikae nje ningoje. Ulinipa spana.

Na lile kosa langu, unalikumbuka? Ulikuwa umetoka, nikamalizia kazi peke yangu, nikakaza bolti zote kwa nguvu zangu zote gari ikiwa bado inaning'inia juu ya magogo. Nilijiona fundi kamili. Haikupita miezi miwili, kugonga kukarudi. Ulifungua, ukaitazama ile mipira mipya iliyokwisha kuchanika. Nikangoja kelele. Ukasema, "Kosa ni langu. Nilikufundisha kukaza, sikukufundisha ni wakati gani." Ukanieleza kwamba bolti zile zinakazwa mwisho kabisa, gari ikiwa imekanyaga chini na uzito wake wote. Ukizikaza gari ikiwa juu, mpira unabanwa ukiwa umekaa vibaya, halafu kila siku unajinyonga mpaka ukatike.

Nimefundishwa na watu wengi, Baba Wanjiru. Sijapata kumsikia mwalimu mwingine akisema kosa ni lake.

Hata ule mwaka mji ulipochafuka kwa ghasia za siasa, Wakikuyu wenzako wengi wakafunga maduka wakaondoka, wewe ulifungua mlango asubuhi kama kawaida. Nilikuuliza kama huogopi. Ukajibu, "Naogopa sana. Lakini gari ya watu iko juu ya magogo, nitaiacha namna gani?"

Sasa nikusimulie.

Ulipofariki pale hospitali, ndugu yako Gitau alikuja kwa basi kutoka Nyeri kukuchukua. Pikapu yangu ulikuwa umeifungua injini kabla hujaugua, vipande vyote viko mezani, haingeweza kukubeba. Mkeo, Mama Wanjiru, akasema, "Aende na gari yake mwenyewe." Tukaiendea pikapu yako nyuma ya gereji. Nikaingia chini na mtaimbo, nikasukuma kama ulivyonifundisha.

Ee Baba Wanjiru! Mfinyanzi hulia gaeni, lakini wewe ulizidi. Bushi zilikuwa zimekwisha zote. Upande wa kushoto nyuma hapakuwa na mpira kabisa, ni chuma kinakula chuma. Miaka yote hiyo ulitengeneza za watu na kuendesha yako inalia.

Nikasema, "Hii gari haifiki Nyeri. Hata Kericho ni bahati."

Gitau akashika kichwa. Halafu mkeo akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba. Alisema kilikuwa kwenye rafu yako tangu Krismasi. Nikafungua. Bushi mpya, seti nzima, na juu ya gazeti umeandika kwa kalamu ya risasi: *Yangu. Nikipata nafasi.*

Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa sijalia mpaka saa ile.

Nilianza kazi asubuhi. Gitau alisimama na suti yake, akamwuliza Mama Wanjiru pembeni, lakini nikasikia, "Huyu mama ndiye atatengeneza?" Mkeo akamjibu, "Huyo amefundishwa na mwenyewe. Wewe vua koti." Akavua. Nikapandisha chasisi kwa jeki, nikaweka magogo, nikatoa magurudumu. Bolti ya kushoto nyuma ilikuwa imeshikwa na kutu ikakataa mafuta, ikakataa nyundo. Tuliikata kwa msumeno wa chuma, mimi na ndugu yako tukipokezana, jasho linadondoka, na yeye akanisimulia jinsi mlivyochunga mbuzi pamoja na jinsi ulivyokuwa mwoga wa majogoo. Hilo hukuwahi kuniambia! Tulicheka chini ya gari yako, siku mbili baada ya kufa kwako, na sikuona vibaya.

Nilizisukuma bushi mpya ndani ya matundu kwa kuzibana na jiliwa, moja baada ya nyingine, nikizipaka maji ya sabuni ziteleze. Gitau alipochukua spana akaanza kukaza, nikamshika mkono. "Bado. Kwanza ikanyage chini." Akaniangalia. "Ndivyo alivyosema?" Nikamwambia ndivyo ulivyosema.

Tuliondoka alfajiri. Niliendesha mimi, Mama Wanjiru katikati, Gitau dirishani, na wewe nyuma, umefunikwa turubai. Pale Ahero maji yalikuwa yamevuka barabara, nikapita polepole nikisikiliza. Hakuna kugonga. Tukapanda Kericho, mvua ikatukuta katikati ya mashamba ya chai. Kwenye kona moja lori lilitujia likiwa limechukua barabara yote. Nikakanyaga breki, nikatoka pembeni kwenye matope. Mama Wanjiru akapiga kelele. Lakini gari haikuvuta kushoto wala kulia. Ilisimama palepale nilipoitaka isimame. Gitau alishuka, akaenda kukutazama nyuma, akarudi akasema, "Hajasogea." Nikawasha gari tena. Nilikuwa naona yule mama wa omena, na naona mikono yako.

Tulifika kwenu jua likiwa bado lipo. Watu walitoka wakiimba. Mama yako mzazi aliletwa ameshikwa mikono, mdogo kama mtoto, akaweka kiganja chake juu ya turubai. Akasema neno kwa Kikuyu. Nikamtazama Gitau anitafsirie.

"Anauliza kama alitikiswa sana njiani."

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Hakutikiswa."

Akanishika mkono huu wenye grisi kwenye kucha, hakuuachia mpaka wewe ulipoingizwa nyumbani.

Hizo ndizo habari za safari yako. Habari za huku ni kwamba mkeo amerudi, amekataa kuhama, anasema nyumba yake iko hapa. Mimi na yeye tunaendesha gereji. Injini yangu niliimalizia mwenyewe, na inawaka vizuri, ingawa ilinichukua wiki tatu na wewe ungeifanya kwa siku tatu. Mume wangu haoni tena kabisa, lakini anakaa mlangoni, na gari ikiingia ananiambia, "Hiyo ni bushi ya mbele kulia." Hajakosea hata mara moja. Wateja wanamwita daktari. Hiyo nayo ni kazi yako, maana mwanamume aliyekuwa anakaa ndani akigeukia ukuta sasa ana mahali pa kwenda asubuhi.

Ero kamano, Baba Wanjiru. Asante hiyo nimeisema kwa Kijaluo changu, kwa sababu kwa Kiswahili hainitoshi.

Pumzika. Hakuna gari ya mtu iliyobaki juu ya magogo, nimezishusha zote.

Na mama yako aliniomba kitu siku ya kuagana. Alionja mchele wa Ahero tuliokwenda nao, akasema nikipata nafasi nimletee mwingine. Mwezi wa kumi na mbili nitampelekea gunia. Sitangoja nafasi.

Ni mimi,
Mama Akinyi