Kizibo cha Pili cha Bi Mkubwa

Nyumbani kwenu,
Chumba cha mbele, kando ya dirisha la uani,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo? Kifua kimepoa? Najua kambi yenu ya mbao ina baridi, na ukiambiwa uvae sweta unasema mama anazidisha mambo. Vaa. Tangu uliponiandikia kwamba unakohoa, kila nikisikia mtu anakohoa barabarani nageuka kumtazama.

Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Bibi yako, mama yangu, anakusalimu. Macho yamepungua ila masikio yapo, na ulimi haujapungua hata kidogo. Mdogo wako Kelele anakusalimu. Siku hizi anashona sare za shule, na hakuna anayekaa humu ndani akainuka bila uzi kwenye nguo. Baba yako mdogo anakusalimu, bado anajua kila kitu. Baba yako naye anakusalimu. Kusema bado tangu kile kiharusi, lakini mkono wa kulia umeanza kushika kijiko, na nilipomwambia nakuandikia aliinua ule wa kushoto juu kabisa. Hiyo ni salamu yako, ipokee.

Wa mwisho ni mke mwenzangu. Unamjua ninayemsema. Bi Mkubwa, gari la baba yako, aliyeingia nyumba hii miaka minne kabla yangu na hajaacha kunikumbusha. Yeye hasa ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Bi Mkubwa anaumwa. Akiwa kwenye mwendo hana neno, anakwenda kama zamani. Lakini tukisimama, kama pale kwenye taa au mbele ya lango la kliniki, injini ikabaki inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, anaanza kutetemeka. Tuk-tuk-tuk, kisha anaruka moja kama mtu aliyekosa ngazi, tuk-tuk, anaruka tena, halafu anazima. Mafundi wanasema anamisi. Jumatano ya wiki iliyopita alizima mara tatu njiani, na walio nyuma wakanipigia honi mpaka nikawa nawaomba radhi kwa mikono miwili, usukani hauna mtu.

Lingekuwa gari tu nisingehangaika. Ila baba yako anakwenda mazoezi mara tatu kwa wiki, na magari mengine tumeyajaribu. Viti viko juu, milango myembamba, lazima wanaume wawili wambebe. Akibebwa analia, mwanangu. Mara mbili amekataa kwenda kabisa. Kwa Bi Mkubwa kiti kiko chini, na kuna kile kishikio alichokichomelea mwenyewe mlangoni enzi za nguvu zake. Anashika, anageuka, anaketi. Hashikwi na mtu. Ule mkono unaoshika kijiko umetoka kwenye mazoezi hayo.

Sasa Alhamisi hii inayokuja ni ukaguzi wa magari. Mkaguzi husimama mbele ya boneti akasikiliza injini, na ikiruka au ikizima anang'oa vibao vya namba. Baba yako mdogo amekwisha kupanga kwamba Ijumaa yake atakuja na kamba amvute Bi Mkubwa mpaka kwa wanunua vyuma. Alisimama hapo uani akizungusha funguo za gari lake jipya kidoleni, akaniambia, "Shemeji, vya kale tuviache." Nikamjibu, "Shemeji, mbona hata wewe ni wa kale na bado tunakupakulia?" Kelele alicheka mpaka akajichoma sindano.

Basi nikamwita Fundi Miwani. Kitanda cha baba yako tumekisogeza dirishani, anaiona boneti yote. Injini ilipowashwa alisikiliza, akainua vidole viwili. Fundi Miwani alifurahi kama aliyeshinda kesi. "Mzee amesema! Silinda ya pili!" Unajua anavyomheshimu baba yako, spana ya kwanza alipewa naye. Akabadilisha plagi ya pili. Akabadilisha waya wake. Akafungua kabureta akaisafisha, akaifunga. Vidole viwili bado viko juu pale dirishani. Siku nne tunaisumbua silinda isiyo na kosa lolote! Siku ya tano akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mama, hapa injini ishushwe."

Nikamwambia haishuki. Kushusha injini ni wiki tatu, na Alhamisi haitusubiri.

Nikamketisha na chai, nikamwambia anieleze ugonjwa huu kwa maneno ya jikoni. Akasema injini ikinguruma polepole huvuta hewa kwa nguvu kupitia kabureta. Ikipata tundu mahali pengine inakunywa hewa ya wizi, mafuta yanakuwa hafifu kama uji uliozidishwa maji, ndipo inaruka. Ukikanyaga, hewa inayoingia ni nyingi, na ule wizi hauonekani. Nikamuuliza, "Na hilo tundu umelitafuta?" Akatazama kikombe. "Mzee alisema silinda, mama." Nikamwambia mzee hajasema kitu. Mzee ameinua vidole. Tuliosema ni sisi.

Jana asubuhi nikachukua sponji ya vyombo na bakuli la maji, maana maji yakiziba tundu hata kidogo injini itatulia. Kelele kwenye usukani, Fundi Miwani begani kwangu, usiguse feni mama, usiguse waya mama, mpaka nikamwambia watoto wawili nimewazaa bila yeye kunielekeza. Nikawa naminya maji kidogo kidogo pale bomba la hewa linapoungana na injini, kiungo hiki, kiungo kile. Hakuna kitu. Nikafika nyuma ya kabureta, tone likavutwa ndani, na Bi Mkubwa akatulia! Pumzi mbili tatu tu, kama mtoto aliyepewa ziwa. Maji yalipokwisha akaanza tena kuruka. Nikarudia mara tatu maana sikujiamini. Zote tatu alitulia.

Tukazima. Nikaingiza vidole, nikatoka na kizibo cha mpira kimepasuka kama kisigino cha kiangazi. Mwanangu, nilikitambua pale pale. Ni kizibo cha chupa ya dawa ya bibi yako. Mwezi mzima alilalamika chupa yake imeachwa wazi, akamsingizia Kelele. Kumbe ni wewe! Ile siku moja kabla ya safari yako, wewe na baba yako mlipong'oa waipa za zamani zilizokuwa zikiendeshwa na mvuto wa injini mkafunga za umeme, tundu likabaki wazi, mkaliziba na kilichokuwa karibu.

Sikulaumu. Kimeshika miaka mitatu, barabara zenyewe unazijua. Na baba yako wakati huo alikuwa mzima, nani alijua kwamba siku ingefika akayajua yote na asiweze kutuambia.

Tukaweka kizibo kipya, Fundi Miwani akakikaza. Bi Mkubwa akanguruma vizuri, hata bibi yako ndani akauliza gari la nani hilo. Lakini haikuwa imekwisha. Kila baada ya muda kidogo bado anaruka moja. Moja tu, ila Alhamisi hiyo moja inatosha kututoa. Nikatazama dirishani. Vidole viwili.

Nikaenda nikaketi kando ya kitanda. Nikamuuliza, "Silinda ya pili?" Akafumba macho, maana yake hapana. Nikamwonyesha kile kizibo kilichopasuka. "Vilikuwa viwili?" Akapiga godoro kwa kiganja, akacheka. Alicheka kwa sauti, mwanangu, sauti yake ile ile. Tangu aanguke sijaisikia. Kelele aliacha usukani akaja mbio akidhani baba amezidiwa, akatukuta sote wawili tunalia na kucheka.

Nikamuuliza cha pili kiko wapi. Akanyoosha mkono, akaonyesha picha yako ukutani. Nikauliza tena. Akaonyesha tena picha yako.

Kwa hiyo uliziba wewe, na unajua wewe. Sisi tumetafuta mpaka basi. Kule chini bomba la moshi linapita karibu, sponji haifiki, na vifundo vya vidole vimeungua hata Kelele amenificha bakuli. Fundi Miwani anataka afungue bomba zima la hewa, lakini gasketi yake, ile karatasi ya kuziba maungio, ni ya zamani kama mimi. Ikichanika hatupati nyingine kabla ya Alhamisi. Nimemzuia asiguse mpaka nikusikie.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mbao. Anafika kwenu kesho na kurudi Jumatatu, nami nimemwambia asiondoke kambini bila jibu lako. Nichoree, mwanangu. Chora injini hata vibaya, weka msalaba palipo kizibo, na uniambie uliingiza mkono kutoka juu au ulilala chini ya gari. Ikiwa umesahau, fumba macho uikumbuke siku ile: baba yako ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, wewe shati la buluu lenye oili, mimi nawaita chakula mara ya tatu hamji. Mkono utakumbuka.

Alhamisi nitaendesha mwenyewe. Baba yako ataketi kando yangu, ameshika kishikio chake, na mkaguzi atasikiliza mpaka achoke yeye.

Kelele anasema akikaribisha wateja na oili mikononi ni kwa ajili ya gari lenu. Bibi yako anasema anadai kizibo, na cha pili kama ni chake pia atakuhesabia. Wasalimie wenzako wote wa kambini. Mungu akuepushe na misumeno na miti inayoanguka, akufungulie kifua, akurudishe kwetu na vidole vyote kumi.

Jibu upesi, baba. Nikiandika hapa vidole viwili vya baba yako viko juu ya blanketi, na amekataa kuvishusha.

Ni mimi nikupendaye, masizi yakiwa bado kuchani,

Mama yako.