Jina la Baba Mlangoni mwa Bedford

Tajeu, mzee mwenzangu, unanifahamu vizuri: mimi ni mwana wa Sifaeli, mjukuu wa Anaeli mzee wa usharika. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupoteza hata gunia moja la kahawa ya mwenzake.

Leo nimevunjiwa heshima ndani ya gereji yangu mwenyewe!

Tunaifungua ile Bedford, lori la marehemu baba la kubebea kahawa, ili tuifufue. Nilimwagiza mjukuu wangu Jackline, fundi mwenye cheti, aung'oe mlango wa dereva. Aung'oe tu! Nikaingia ndani kunywa chai.

Narudi, mlango unang'aa kama sahani. Jina la baba, alilolichora kwa mkono wake, limekwanguliwa lote kwa grinda.

"Babu, kutu yote imetoka!"

Kutu!

"Na jina liko wapi?"

"Jina gani, babu? Si ilikuwa rangi ya zamani tu? Usijali, tutabandika stika kali."

Stika, Tajeu! Stika! Baba hakuacha barua wala daftari. Mwandiko wake uliobaki duniani ulikuwa ule.

Wasomee wajukuu zako ujumbe huu, kisha uwaamuru: kabla ya kufuta alama yoyote wasiyoijua, wamwulize kwanza mzee aliye hai.