Nyani Hajaenda Malakisi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Midterm imeisha. Nimerudi Matisi na Nakhungu, kichwa chake kinang'aa kama yai. Ana miaka mitano, anakaa kwangu tangu Januari sababu ya shule. Mama yake, Roselyne, tulimzika Kimilili wiki jana. Siku ya tatu tukanyolewa wote wa boma, kama kawaida yetu, na yeye pia. Siku yenyewe ya mazishi alikuwa amefichwa kwa jirani, anajazwa mandazi.

Kaka yangu Barasa, ndiye mume wa marehemu, alitoa amri yake tukiwa tunaagana. Mtoto aambiwe mama yuko kazini Malakisi, anapanga tumbaku. Nywele zilitolewa sababu ya chawa.

"Mtoto haambiwi kifo, Phelista. Ukimwambia, namtoa kwako siku hiyo hiyo."

Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu. Juzi mama mmoja sokoni aliniita Beatrice, nikasema sawa.

Roselyne alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu. Mimi ndiye nilimleta nyumbani, Barasa akamwona. Sijalia bado. Nimeosha sufuria zote, hata zilizokuwa safi.

Jumanne, 4 Machi

Mimi si mwalimu wa cheti. Nilikuwa mpishi wa uji hapa nasari. Siku moja tichaa hakuja, nikaambiwa nikae na watoto kidogo. Huu ni mwaka wa sita wa hiyo kidogo.

Saa nne ni kitabu cha picha. Tunacho kimoja ambacho hakijararuka sana. Preeti wa duka la vitambaa mjini alitupa, binti yake alikua akakiacha. Maneno ni ya Kihindi. Hakuna anayeyasoma, kwa hiyo natunga. Tembo mdogo na nyani ni marafiki, wanagawana matunda ya mti mmoja. Ukurasa wa saba tembo amekaa peke yake, masikio chini.

Mwaka ulipoanza niliuliza tembo anasikiaje. Darasa lote: "Njaa!" Sura yoyote iliyokunjamana kwao ni njaa. Imenichukua wiki nyingi kuwatoa kwenye njaa, tukafika kwa huzuni, hasira, wivu. Tonny peke yake amebaki kwenye njaa. Simlaumu.

Leo nikauliza: nyani ako wapi? Nakhungu akawa wa kwanza.

"Ameenda Malakisi."

Nikasema sawa.

Halafu nikaona Cherono amehama mkeka. Hao wawili tangu Januari ni kama kidole na kucha, hata choo wanaenda pamoja. "Tichaa, mama amenikataza. Ati Nakhungu ako na chawa." Na nani alimwambia mama? Nakhungu mwenyewe, getini, kwa sauti, vile alivyofundishwa.

Jumatano, 5 Machi

Nakhungu amekaa kwa mkeka peke yake. Hakulia. Alipanga vifuniko vya soda, akavipangua.

Neno moja kwa mama Cherono lingemrudisha Cherono. Neno hilo hilo lingefika kwa mtoto kabla ya chakula cha mchana, na Jumamosi angekuwa Bungoma, kwa chumba kimoja cha Barasa, akichungwa na redio. Barasa hutoka kazini saa mbili usiku. Kwa hiyo sikusema. Nilikoroga uji.

Jioni nimepeleka kitabu kwa Preeti, jalada limetoka, nilitaka uzi mzito wa kushonea. Akakifungua, akaanza kusoma kwa kidole, anatabasamu. Ukurasa wa saba tabasamu likaisha.

"Tichaa, hapa wewe husema nini?"

"Nyani amesafiri."

"Hapana. Hapa kitabu nasema nyani amekufa. Tembo nakaa chini ya mti yao, hajui kama ni yeye alifanya makosa."

Akaniambia mama mkwe wake alipoaga, walimdanganya binti hivyo hivyo: nyanya amesafiri. Ikawa mtu yeyote akishika begi, mtoto anapiga nduru. Hata baba akienda Eldoret kuleta mali. "Ndio nikatafuta hii kitabu. Nilikuwa nimechelewa mwaka mzima."

Alikataa kuniuzia uzi. Alishona mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma kama ilivyoandikwa. Sikupanga. Nilifika ukurasa wa saba, mdomo ukasema: nyani amekufa.

Halafu maswali, kama mahindi kwenye kikaango. Alikufa na nini? Alikuwa mzee? Nani alikula matunda yake? Nikajibu niliyojua, ambayo si mengi.

Tonny akainua mkono. "Nyanya yangu, kukhu, alikufa. Tulikula nyama."

"Pole, Tonny."

"Halafu tukanyolewa. Wote. Hata baba. Kwetu mtu akikufa mnanyolewa."

Alisema tu, kama mtu anayetaja siku ya soko. Nikamwona Nakhungu akipandisha mkono kichwani. Polepole. Akauacha hapo.

Cherono akageuka kule alikohamia. "Si wewe ulikuwa na chawa?"

Nakhungu aliniangalia mimi. Watoto ishirini na sita wakaangalia alikoangalia. Nilikuwa na kitambaa kichwani tangu Jumatatu, nimekifunga mpaka kwenye nyusi. Nilikifungua. Kichwa changu kilikuwa kama chake.

"Senge," akasema — kwetu ndiyo shangazi, na shuleni nimemkataza kuniita hivyo, leo nimeacha — "mama hayuko Malakisi?"

"Hayuko. Amekufa, Nakhungu. Hukufanya kosa lolote."

Akakubali kwa kichwa. Akauliza kama uji uko tayari.

Ijumaa, 7 Machi

Mkeka mmoja tena. Cherono anampapasa kichwa, anasema kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nakhungu amecheka, kisha amelia sana, kisha ameomba zamu ya bembea. Cherono alimpa zamu yake na ya Tonny pia, bila kumuuliza Tonny.

Nimempigia Barasa mwenyewe, asisikie kwa wengine. Nikamwambia yote. Redio ilikuwa ikiimba nyuma yake.

"Nakuja kesho."

Nimekunja nguo za mtoto nikaziweka kwenye mfuko. Nikazitoa. Nikazikunja upya. Nilitegemea kusikia kitu moyoni. Nilisikia tu kwamba sweta moja halijakauka.

Jumamosi, 8 Machi

Barasa amefika saa tano. Amekonda. Hakukaa, akauliza mfuko uko wapi. Nikamwonyesha. Nikasema sweta bado bichi. Akasema atalibeba hivyo hivyo.

Nakhungu akamsalimia, akamvuta mkono mpaka akakaa. Akamwekea kitabu magotini — nimekileta nyumbani wikendi hii, tichaa mkuu hajui. Ukurasa wa saba.

"Nisomee, baba."

Barasa akayaangalia yale maandishi. Akasafisha koo. "Huyu tembo... anangoja rafiki yake. Rafiki amesafiri—"

"Hapana. Angalia vizuri."

Akaangalia vizuri. Alikaa na ile picha muda ambao mtu hakai na picha. Kidole chake kilikuwa kwenye masikio ya tembo.

Nimewaacha, nimeingia jikoni kutoa chai, ninaandika hapa nimesimama. Chai imeshamwagika kwenye jiko. Mfuko uko mlangoni bado, hakuna aliyeugusa.

Barasa ananiita. Anauliza, si kwa ukali: "Phelista, hapa wameandika nini?"

Na mtoto anamwambia angoje, senge anakuja kutusomea sote.