Mugongo wa Léocadie

Goma, Keshero, tarehe 27 janvier 2002

Kwako mutoto wangu Célestin,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. Uko muzima? Kifua hakikusumbui tena na vumbi la Kampala? Sisi huku tuko. Papa yako, Muzee Ntirenganya, anakusalimia, mudomo wake bado muzito upande wa kushoto, lakini anakula. Dada yako Patricia anakusalimia. Mutoto wake Mahoro anakusalimia, ameanza kusimama, hatua mbili anaanguka, anajicheka mwenyewe. Mama Léocadie, jirani yetu wa Murara, anakusalimia. Kuku mumoja aliyebaki ningemupa nafasi naye akusalimie, lakini tulishamula.

Najua ulisikia kwa radio. Nyumba haiko tena. Mutaa wetu hauko tena. Alhamisi ile moto wa volcano ulishuka toka mulimani, ukapita uwanja wa ndege, ukaingia Murara ukitembea polepole kama mutu anayejua anakoenda. Patricia alibeba Mahoro. Mi nilibeba sufuria na Biblia. Papa yako alikuwa kitandani, miguu yake imekufa kama ulivyoiacha. Nikasimama mulangoni, nikaita watu wanaopita. Vijana walipita na magodoro. Shemasi wetu alipita na radio kubwa kichwani, akaniambia, "Mama, tuombe sana!", na akaendelea kukimbia. Nilimuona mugongo mupaka akapotea.

Mama Léocadie naye alikuwa anakimbia, machine yake ya kushona kichwani. Unaijua ile machine, ndiyo ilimulisha toka bwana yake afe. Akatuangalia. Akaitua pale pale barabarani, akasema, "Nyiransengimana, nipe kikwembe." Nikamuvulia kile kitenge changu cha juu. Akamufunga papa yako mugongoni kama mutoto muchanga, akainama, akatembea naye mupaka Gisenyi, inchi ya jirani. Muzee amebaki mifupa, lakini mifupa ya mwanaume ni mizito. Tuliporudi siku ya tatu, pale alipoacha machine ni jiwe jeusi, bado linatoa moshi.

Sasa tuko Keshero, chumba kimoja, kwa nyumba ya mujomba wa Léocadie. Sisi wanne na yeye wa tano.

Kitu kimoja nakuomba. Umuandikie Léocadie asante kwa mukono wako. Wewe ndio mutoto mwanaume wa papa yako, mugongo ule ulikuwa wako kuutoa. Asante yangu mi nimeshaisema mupaka imechakaa. Chauffeur Twagirayezu anapita na gari lake kila wiki mbili, jibu mbio.

Mama yako,
Nyiransengimana


Kampala, 16 février 2002

Mama mupenzi,

Salamu kwako, kwa papa, kwa Patricia na kwa mutoto. Mi niko muzima, kifua kinauma asubuhi tu.

Nilipopata barua yako nilipiga magoti. Kanisa letu la huku lilifanya ibada ya shukrani kwa ajili yenu. Nilisimama, nikatoa ushuhuda, watu wakalia. Mama, ni Mungu peke yake aliyewatoa kwa moto. Mutu asichukue utukufu wake.

Juu ya Léocadie, usinilazimishe. Umesahau Bienvenu, mutoto wake? Aliingia rebellion, kwa waasi, mwaka wa 98. Mwaka wa 99, kwa barrière ya Sake, pale askari wanapozuia njia, siku waliponipiga kifuani na vitako vya bunduki, yeye alikuwa amesimama hatua tano toka kwangu, amevaa mabuti. Tulikula naye sahani moja toka utoto. Nikaita jina lake. Akageuza uso. Ndio maana niko Kampala. Na huyo mama ndiye alimuzaa. Kumubeba papa ni kidogo sana mbele ya yale nyumba yake ilinifanyia. Asante kwake haitatoka kinywani mwangu. Mukipata pa kuhamia, muhame.

Haya usome wewe mwenyewe, yabaki katika roho yako.

Mungu ni mwema wakati wote.

Mutoto wako,
Célestin


Keshero, 3 mars 2002

Célestin, mutoto wa tumbo langu,

Salamu, salamu tena. Papa yako anakusalimia. Patricia anakusalimia. Mahoro amefika hatua tano. Mama Léocadie anakusalimia mara mbili, kwa sababu ni yeye aliyenisomea barua yako.

Sikukuambia: lunettes zangu, miwani ya kusomea, zilibaki juu ya meza, zikaungua na meza. Kuandika naandika, mukono unajua njia. Lakini maandishi yako ni madogo kama sisimizi, na Patricia, unajua, vita ilimutoa shuleni kabla hajajua kusoma. Twagirayezu alifika muchana, tukichambua maharagi. Sikuweza kungoja. Nikamuambia Léocadie, "Wewe uliyefika secondaire, soma."

Akasoma vizuri, kwa sauti. Magoti, ibada, ushuhuda. Kisha akanyamaza. Nikamuambia, "Kuna nini? Anagonjwa?" Akasema, "Hapana, wino umefifia hapa." Akasogeza karatasi kwa mwangaza, akakaa nayo kidogo, akasoma: "Mama, umushukuru kila mutu aliyewasaidia."

Nikaruka! Nikamuambia, "Kila mutu ndio wewe! Nani mwingine? Yule shemasi na radio yake?" Nikamukamata mikono yote miwili. Unajua alijibu nini? "Maharagi yatamwangika." Ni mutu wa haya sana.

Na dimanche, pasteur alipoita wenye shukrani, mi nikasimama mbele ya kanisa zima. Nikasema: mutoto wangu Célestin, toka kule Kampala, anamushukuru Mama Léocadie. Watu wakapiga makofi, hata shemasi alipiga. Léocadie aliangalia chini mupaka mwisho.

Umenitembeza kichwa juu, mutoto wangu. Ukipata lunettes, hata za mitumba, unitumie, nisome mwenyewe maneno yako kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Jibu mbio.

Mama yako


Kampala, 23 mars 2002

Mama,

Salamu kwa papa na kwa wote wa nyumba.

Sikuandika vile. "Kila mutu" haiko popote katika barua yangu. Huyu mwanamuke amejitia asante kwa kinywa changu, na wewe umeipeleka mupaka kanisani! Sasa Goma nzima inafikiri nimesahau Sake.

Twagirayezu anakuletea lunettes. Nimezichagua mwenyewe, nikajaribu nyingi mupaka nikapata za macho kama yako. Zivae, uchukue barua yangu ya février, uisome mwenyewe. Utajua nani ni mwongo katika kile chumba.

Mungu ni mwema wakati wote.

Célestin


Keshero, 8 avril 2002

Célestin,

Leo salamu ni fupi. Papa yuko. Patricia yuko. Mahoro yuko. Mi niko, na nimekasirika, usiulize afya yangu.

Lunettes zimefika. Zinakaa vizuri puani. Nilipozivaa niliangalia kwanza mikono yangu, sikujua imezeeka hivi. Kisha nikatoa barua yako katika Biblia, nikaketi mulangoni, nikasoma na kidole. Nilipofika Sake, kidole kikasimama. Nilipofika "muhame", nikavua lunettes, nikazifuta, nikafikiri labda ni uchafu. Nikavaa tena. Bado "muhame". Lunettes ulizonitumia kwa roho nzuri ndizo zimenionesha roho yako mbaya.

Tuhame twende wapi? Kwa shemasi?

Na huyu mwanamuke alishika maneno yale mikononi mwake, mi nikiwa mbele yake nimefungua kinywa kama kifaranga. Akayasoma na macho, akayameza, mi akanipa tamu. Na mi, mujinga, nikamusimamisha katikati ya kanisa wamupigie makofi kwa matusi yako!

Nikamufuata nyuma ya nyumba. Alikuwa anafua mashuka ya papa yako. Ndiyo, ya papa yako. Nikamuambia:

"Léocadie, kwa nini ulinidanganya?"

"Lunettes zimefika?"

"Zimefika."

"Basi, wino haukufifia." Na akacheka! Mi nalia, yeye anacheka. Kisha akaniambia, bila kuacha kufua, "Siku ile ulikuwa unacheka, Nyiransengimana, mara ya kwanza toka volcano. Mi nikuzimie kicheko? Na tena, mutoto wako anasema kweli. Bienvenu aliniambia. Alikuja mara moja Murara, akakaa pale kwa kiti cha papa yake, akasema, 'Mama, Célestin aliniita kwa jina, na mi niliogopa wakubwa wangu.' Sahani niliyomuwekea hakuigusa. Akaenda. Toka siku ile sijui kama anaishi."

Nikamuuliza: basi, ulimubeba muzee ili kulipa yale mambo ya Sake? Akaniangalia kama mi ndio mutoto. Akasema, "Muzee alikuwa ananiangalia." Basi.

Sasa nikuambie kitu nilichokuficha katika barua ya kwanza. Karibu na barrière ya Gisenyi papa yako alijikojolea. Mukojo ulimushuka Léocadie mugongoni mupaka ndani ya viatu. Papa yako akalia kwa haya, yeye ambaye ng'ombe wa Masisi walikuwa wanasikia sauti yake kilima kwa kilima. Léocadie akamuambia, "Asante, muzee! Moto ulikuwa umenifikia mugongoni, sasa umeuzima." Papa yako akacheka na ule upande wa mudomo unaocheka. Njia nzima, na moto nyuma, alipata neno la asante kwa mukojo. Na wewe, mutu wa ushuhuda, hukupata moja kwa mugongo.

Unaniambia Mungu peke yake. Mi sikusoma sana, lakini nisikilize. Mungu hana mugongo. Hana kikwembe. Siku ile alitafuta mugongo Murara nzima, vijana wakamupita na magodoro, shemasi akamupita na radio, akapata mumoja tu. Ukiruka juu ya ule mugongo uende kumushukuru yeye kule mbinguni, atakuuliza umepita wapi. Shukrani gani inayopiga magoti Kampala na kumutukana mutu Keshero? Magoti yako yachafuke basi na kitu!

Sisemi usahau Sake. Kifua chako mi ndio nilikifunika ulipozaliwa, ukikohoa kule mi nasikia huku. Mukasirikie Bienvenu. Mi pia namukasirikia. Lakini usimupigie Bienvenu kwa mugongo wa mama yake.

Papa yako alitaka nimusomee, nikamusomea yote. Kisha akasema, polepole, vile anavyosema sasa, "Huyu... ni mutoto... wa nani?"

Nikamuambia, "Wa kwako."

Akasema, "Hapana."

Léocadie anaondoka mwisho wa mwezi huu. Dada yake wa Kiwanja, kwa njia ya Uganda, ana machine isiyo na mushonaji, atashonea sokoni. Chumba anatuachia sisi. Una wiki tatu. Usiniandikie tena "Mungu ni mwema" kama jina la Léocadie haliko kwa karatasi. Jibu mbio, nasema mbio.

Mama yako, mwenye lunettes


Keshero, 5 mai 2002

Célestin,

Patricia anakusalimia. Mahoro anatembea, anaenda mulangoni anaita "Kadi, Kadi", anamutafuta Léocadie. Papa yako hakusalimii.

Twagirayezu alikuja na mikono mitupu. Nilimupekua hata mifuko. Akaniambia, "Mama, mi ni chauffeur, siandikii watu barua zao."

Léocadie aliondoka mardi, tarehe 30, asubuhi. Tulimusindikiza mupaka kwa magari ya Kiwanja, mi na Patricia. Alikuwa na mufuko mumoja na sufuria yangu niliyomulazimisha achukue. Na kile kikwembe alichomubebea papa yako alikuwa amekifunga kiunoni, nilimupa, ningekirudishaje?

Mi nilikuwa nimeamua kumuambia kweli akiniuliza. Gari likawaka, akanigeukia, na hakuuliza. Hakuuliza, Célestin! Angeuliza, ningesema, "Hakuna, mutoto wangu ana roho ya jiwe." Lakini alinifunga vizuri kitambaa cha kichwa, kama vile mi ndio nasafiri. Nikashindwa. Nikavaa lunettes, nikatoa karatasi kifuani, nikasema, "Ngoja, kuna barua." Na nikasoma mbele ya wauza ndizi, convoyeur wa gari anapiga bati akiita tupande, tupande:

"Mama Léocadie, asante kwa mugongo wako. Ulimubeba papa yangu mahali pangu. Bienvenu namukasirikia, wewe hapana. Mi Célestin."

Sikukwama hata neno moja. Akasikiliza yote. Kisha akanyoosha mukono: "Nipe, niitunze."

Kifuani sikuwa na karatasi nyingine. Ilikuwa ile yako ya février. Nikaishika kwa nguvu. Akaivuta polepole, kama unavyomunyang'anya mutoto kisu. Akaiangalia mara moja, na mi nikajua amejua. Akaikunja mara nne, akaifunga katika fundo la kikwembe. Akasema, "Ameandika vizuri. Na leo wino ni mweusi kabisa." Akapanda. Sikuweza hata kupunga mukono.

Sasa nimesema uongo kwa jina lako, mi mama wa kanisa, na muchana kweupe. Mungu anisamehe ao anichape, atajua mwenyewe. Lakini kuugeuza uongo huu uwe kweli, mi siwezi, pasteur hawezi, ni wewe peke yako. Matusi yako yako Kiwanja, ndani ya fundo la kikwembe kilichomubeba papa yako. Tuma barua ingine ikayatoe pale. Usipitishie kwangu. Twagirayezu anapita Kiwanja akitoka kwenu. Aulize sokoni, Mama Léocadie wa machine, aliyetoka Goma. Maneno nimeshakutungia, ni yale pale juu. Kama kuyatafuta ni kazi, nakili tu. Lakini uandike mwenyewe, na uandike kubwa, apate kuyasoma kwa sauti, asiruke kitu.

Nimesema papa yako hakusalimii. Lakini kila gari la Uganda likipita, anauliza kama umejibu. Fanya mbio.

Mama yako,
Nyiransengimana