Skrini ya Mideva Iwe Tulivu

Mtaa wa Shieywe,
S.L.P. 2317,
Kakamega.
14 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Titus,

"Skrini ni skrini tu, dada. Mimi namletea Mideva ile kubwa kuliko zote, 4K, mpaka majirani wahame." Ndivyo ulivyotangaza Jumapili kwenye kundi la familia, na Mama akakujibu kwa vigelegele. Nimeisikiliza sauti yako mara sita. Skrini si skrini tu, Titus, na nitakuonyesha.

Lakini nisikugombeze kabla ya kukujulia hali. Joto la Doha limepungua? Mkeo Jelagat aliniambia mgongo unakusumbua tangu wakuhamishie ghalani. Usibebe kwa kiburi, beba kwa magoti. Sisi tupo. Mama tumemvunia mahindi kule Kabras, na kutwa ni kuyaanika na kuyaanua, maana mvua ya alasiri haina adabu.

Mwanangu Mideva hajaanguka kwa wiki kumi na saba. Nazihesabu kama mfungwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na kwenye kundi Mama anasikia. Hasina, jirani yangu, anarudi kazini huko Alhamisi. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi, asimwachie mtu.

Kuna jambo sikukueleza lote. Mwezi wa Juni nilikwambia Mideva alianguka mjini. Sikusema wapi. Alianguka ndani ya kibanda cha michezo ya kompyuta, mbele ya skrini kuukuu iliyokuwa ikimwekamweka kama taa ya kituo cha mafuta inayokaribia kufa. Alikwenda huko kwa siri kwa sababu mimi nilimpiga marufuku kucheza nyumbani. Mimi, niliyeandika magazetini kwamba marufuku ni fikra za wavivu! Nilipofika walikuwa wamemlaza ubavu, kiatu kimoja kimevuka, na wenzake wamemzunguka.

Daktari alisema kifafa chake ni cha aina inayoweza kuamshwa na mwanga unaowakawaka. Dawa anameza. Hakumkataza kucheza, alitaka apumzike mara kwa mara, taa ya chumba iwake, na skrini isiwe ya kutetemeka. Nikamwuliza skrini ipi ni salama. Akasema hakuna ya kuniahidi. Basi nikaanza kusoma, nawe unanijua nikianza kusoma.

Sasa nisikilize. Ulipokuwa ukipakia miwa Kabras, trekta ilikuwa ikiondoka kwa saa au kwa mzigo? Kompyuta ni wakata miwa, skrini ni trekta. Skrini ya hezi sitini huondoka mara sitini kwa sekunde, mzigo uwe umejaa au haujajaa. Ikiondoka mapema, hubeba nusu ya picha ya zamani na nusu ya mpya, na gari la mchezo unaliona limekatwa kiunoni. Zile zenye kile wauzaji wanachokiita adaptive sync humngoja mkataji: mzigo ukijaa, trekta inaondoka. Mimi naita kungojana.

Na hiyo 4K unayoiimba? Ina pikseli mara nne ya skrini ya kawaida. Umeongeza shamba mara nne, na wakata miwa ni wale wale! Abdulfatah, fundi wa kompyuta karibu na soko, aliiunganisha mashine ya Mideva na runinga ya 4K ya mteja wake. Zikatoka picha thelathini na tatu kwa sekunde, wakati mwingine thelathini na tano. Kungojana kwenye skrini nyingi huanzia hezi arobaini na nane. Chini ya hapo, baadhi yake huacha kabisa kungoja. Tuliposhusha pikseli hadi 2560 kwa 1440, picha zikapanda hadi sabini na kitu. Kwa hiyo inchi ishirini na saba, pikseli hizo, hezi mia moja arobaini na nne, na kungojana. Hezi mia mbili arobaini waachie wanaotaka kujisifu. Mashine yetu haifiki huko.

Ningekomea hapo kama ningekuwa mjinga. Jumatatu Abdulfatah aliniita: "Mwalimu, njoo, nimepata yenye namba zako zote." Ilikuwa skrini ya kujipinda, nzuri kama bibi harusi. Mideva akaketi, akaendesha gari lake, picha laini kama maziwa. Nikaanza kutabasamu. Kisha gari likaingia ndani ya handaki, mashine ikaelemewa, na lile giza likaanza kupumua. Linang'aa, linafifia, linang'aa. Kungojana kwenyewe kulikuwa kunauyumbisha mwanga.

Sikufikiri. Nilimziba macho kwa viganja vyote viwili.

"Mama! Unaniziba kama mtoto wa nasari! Nagonga ukuta!"

"Gonga," nikamwambia. "Abdulfatah, zima!"

"Nishazima, mwalimu. Nishazima. Mwachie mtoto macho yake."

Mideva alicheka. Abdulfatah akacheka naye, akasema skrini nyingine ndivyo zilivyo, namba za boksi hazikuambii. Mimi sikucheka. Kope zake zilikuwa zinapiga chini ya viganja vyangu, nami sikujua kama ni kucheka au ni kule kwingine kunaanza. Mpaka leo nikifunga mikono naisikia ile mipigo.

Daktari hakusema picha kukatika humwangusha mtu, nami sitamsingizia. Huenda skrini yako kubwa isimfanye lolote. Sijui. Nimeshinda mabishano mengi maishani, lakini sijawahi kubishana na kitu nisichokijua kikiwa kimeshika kichwa cha mwanangu.

Tena kuna Mama. Amekwisha kutenga ingokho, yule jogoo mwekundu, wa kukupokea wewe na zawadi. Unajua ilivyo nyumbani kwetu: wewe ni khotsa wa Mideva, mjomba wa tumbo moja na mamake, na zawadi ya khotsa, jogoo wake akishaliwa, hairudishwi, haibadilishwi, haifichwi chini ya kitanda. Nilipojaribu kugusia kwamba pengine skrini isitufae, Mama alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Zipporah," akasema, "unataka mtoto alaaniwe kwa mdomo wako mrefu?" Basi ikiingia mlangoni imeingia. Mideva ataketi mbele yake kila siku kwa heshima yako, nami nitasimama nyuma yake na viganja vyangu.

Mwenye uwezo wa kuibadilisha ahadi ni aliyeitoa. Si mimi.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wa huku kwetu. Mama anakusalimu, Mideva pia, ambaye hajui ninachoandika, maana angeona aibu. Mungu awalinde safarini, awafikishe nyumbani Desemba mkiwa wazima, mgongo ukiwa mmoja.

Sasa, Titus, nawe Jelagat, kwa sababu najua barua utamsomea wewe: nendeni dukani wote wawili. Mwambieni muuzaji aiunganishe skrini na mashine inayocheza mchezo wa magari, aguse mipangilio mpaka picha zipande na kushuka. Tazameni mahali penye giza kwa robo saa, Jelagat upande mmoja, Titus upande wa pili. Giza likipumua hata mara moja, tokeni, hata kama muuzaji anawatukana. Mkiona limetulia, nunueni hiyo, hata ikiwa ndogo. Na kabla ya Mama kuchinja, Titus, utangaze mwenyewe kwenye kundi, kwa kinywa chako, kwamba khotsa amebadili zawadi. Sema umependa ndogo. Sema lolote. Mama atakusamehe wewe kabla hajanisikiliza mimi.

Fanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi. Siwezi kumziba macho maisha yake yote.

Dada yako akupendaye, hata anapokugombeza,
Zipporah